Krimu ya Limau na Pasheni Imekugomea? Anza na Dalili Unayoiona

Maswali ninayoletewa kuhusu krimu hii ni yale yale kila msimu: imekatika, imebaki maji, ina ladha ya chuma, imeota ukungu. Nazungumzia ile krimu nzito ya njano inayopikwa kwa juisi ya tunda kali, sukari, mayai na siagi. Waoka keki wengi huitaja kwa jina lake la Uingereza, lemon curd. Inapakwa kwenye mkate, inajazwa katikati ya keki, na pasheni zetu zinaifaa hata kuliko limau.

Matatizo karibu yote yanaanzia mahali pamoja: watu huipika kama jamu na kuihifadhi kama jamu. Jamu hushikwa na sukari pamoja na pektini ya tunda, kwa hiyo inataka moto mkali na kutokota. Krimu hii hushikwa na yai, na yai halitaki kutokoteshwa. Jamu hukaa kabatini. Hii ina mayai na siagi ndani yake, kwa hiyo mahali pake ni friji au friza. Shika hayo mawili, na nusu ya makosa yaliyo hapa chini hayatakufika.

Ili tuelewane, kipimo ninachokitumia ni hiki: juisi iliyochujwa ml 120, sukari g 150, mayai mazima 2 na viini 3 (mayai ya kisasa ya ukubwa wa kawaida), siagi halisi g 90, na chumvi kidogo sana. Bakuli la kioo kinachostahimili joto au la stili linakaa juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, chini ya bakuli pasiguse maji. Mayai, sukari na juisi hukorogwa bila kuachwa kwa dakika 8 hadi 12, kisha siagi huingia kipande kwa kipande.

Imekatika, ina vipande vya yai

Hii ndiyo inayoongoza. Unakoroga vizuri tu, mara unaona vijiuzi vyeupe vinazunguka na mwiko, na ukingoni mwa bakuli kumeganda kitu kama yai la kukaanga.

Angalia moto kwanza. Ute wa yai ukiwa peke yake huanza kushika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na kiini huanza kwenye 65. Sukari na juisi huvichelewesha, ndiyo maana krimu inaweza kufika nyuzi 77 hadi 80 ikiwa bado laini. Ikikaribia 85 na kuendelea, protini za yai hukazana, hukamua maji yake, na hapo ndipo unapoona chembe. Inua bakuli uchungulie: je, maji yanaligusa chini? Yanatokota kwa fujo badala ya kuchemka taratibu? Ukipata jibu la ndiyo, punguza maji au moto.

Wenye jiko la mkaa wana shida ya pekee, kwa sababu mkaa hauna kitufe cha kupunguza. Funika makaa kwa majivu, tumia sufuria kubwa yenye maji mengi ili joto lisipande ghafla, na uwe na kitambaa mkononi cha kuinulia bakuli. Ukiona mvuke umekuwa mwingi, ondoa bakuli kwa nusu dakika huku unakoroga, kisha rudisha.

Kama moto ulikuwa sawa, tazama rangi ya chembe. Chembe nyeupe ni ute ambao haukupigwa vizuri ukachanganyika. Vidonge vigumu vya njano ni kitu kingine kabisa: sukari ilimwagwa juu ya viini ikaachwa bila kukorogwa, labda umeenda kupokea simu. Sukari hunyonya maji ya kiini, na kiini hukauka kwa juu. Vidonge hivyo havitayeyuka tena hata ukoroge mpaka jioni. Sukari ikigusa kiini, mkono uanze kazi hapo hapo.

Kuokoa: toa bakuli motoni mara moja, mimina krimu kwenye chujio lenye matundu madogo juu ya bakuli baridi, sukuma kwa mgongo wa kijiko. Kama chembe ni chache, krimu inayopita itakuwa nzuri kabisa na hakuna atakayejua. Kama chujio limebaki na nusu ya krimu na harufu ni ya yai la kuchemsha, acha. Kuisaga kwa blenda hulainisha macho tu. Mdomoni bado utasikia uchenga, na ladha ya yai haiondoki.

Kwa anayekatikiwa kila mara, ipo njia nyingine ninayoipenda sana. Saga siagi na sukari kama unavyofanya kwa keki, ongeza mayai moja moja, halafu juisi mwishoni. Mchanganyiko utaonekana umeharibika, kama maziwa yaliyogandia kwenye chai. Usiogope. Weka motoni taratibu, siagi itayeyuka na vyote vitakuwa kitu kimoja. Siagi imetanda katikati ya protini za yai tangu mwanzo, kwa hiyo si rahisi zishikane na kufanya mabonge.

Imebaki maji, haishiki

Kabla ya kutafuta kosa, jiulize kama imepoa. Krimu ya moto huwa nyepesi kuliko unavyotegemea, kama uji mwepesi wa mtoto. Siagi ndani yake hugandia friji, na uzito wake wa kweli unauona baada ya saa 4 au usiku mzima. Nimeona watu wakirudisha motoni krimu iliyokuwa imeiva vizuri, wakaikatisha.

Ikiwa imelala friji na bado inamwagika, sababu ya kawaida kabisa ni kwamba haikufika joto lake. Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi: nyuzi 77. Wasio nacho watazame povu. Mwanzoni juu ya mchanganyiko kuna povu jeupe la vipovu vingi. Joto likipanda, povu linatoweka lenyewe, uso unakuwa na mng'ao, na mwiko unaanza kuwa mzito mkononi. Chovya mwiko, upitishe kidole mgongoni mwake: njia ya kidole ikibaki wazi bila krimu kuteremka kuifunika, imeiva. Kama ilitolewa mapema, irudishe kwenye bakuli juu ya mvuke, moto mdogo, koroga mpaka ifike. Hilo linafaa tu ikiwa ilikuwa friji na ni ya jana au leo.

Sababu ya pili huku kwetu ni mayai ya kienyeji. Kipimo kimesema mayai 2, nawe umetia 2, lakini yai la kienyeji mara nyingi lina gramu 40 hivi na maganda yake, ilhali la kisasa linafika 55 hadi 60. Umepunguza karibu theluthi moja ya kile kinachoshika krimu. Ongeza kiini kimoja au viwili. Sisemi msitumie kienyeji. Rangi ya kiini chake ndiyo inayoipa krimu ule unjano ambao mayai ya kisasa, yenye viini vilivyopauka, hayatoi. Ukiona krimu yako imepauka lakini ladha ni sawa, sababu ni hiyo hiyo na si kosa.

Inafuata siagi. Majarini ya kupaka, ile laini inayotoka friji ikiwa tayari kupakwa, haigandi kama siagi halisi, na nyingine zina maji mengi. Krimu yake hubaki laini siku zote. Inalika, lakini usiitegemee kati ya tabaka za keki ya ghorofa.

Sababu ya nne ni tunda lenyewe. Nanasi na papai visivyopikwa vina vimeng'enya vinavyovunja protini, ndivyo hivyo hivyo vinavyolainisha nyama ngumu ukiipaka papai. Vikikutana na yai ambalo bado lina joto dogo, vinakula kile unachotaka kishike. Chemsha juisi ya nanasi mpaka itokote vizuri dakika kadhaa, ipoe, ndipo uitie mayai. Papai mimi silitumii kabisa. Kimeng'enya chake huvumilia joto sana, na ukali wa tunda lenyewe ni mdogo.

Ya mwisho inawachanganya wengi: krimu ilikuwa nzito jana, leo imekuwa maji. Ukiuliza, utaambiwa ilitiwa wanga wa mahindi ili iwe na uhakika. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachokula wanga, na kazi yake kinaifanya polepole ndani ya friji. Njia pekee ya kukiua ni kuchemsha mpaka krimu itoe mapovu makubwa kwa dakika moja hivi. Wanga hulilinda yai lisikatike, kwa hiyo krimu yenye wanga, na hiyo peke yake, inaruhusiwa kutokota. Isiyo na wanga kamwe.

Ladha ya chuma, au rangi imegeuka kijivu

Hapa sihitaji kukuuliza mengi. Umepikia sufuria ya alumini.

Sufuria zetu za kila siku, zile nyepesi zisizo na mikono, karibu zote ni alumini, na kwa wali na ugali hazina neno. Tindikali ya limau, ndimu au pasheni hula alumini. Mara ya kwanza nilipopika krimu hii kwa shughuli ya familia nilitumia sufuria niliyorithi kwa mama, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa. Nilipomaliza, ndani ya sufuria palikuwa peupe zaidi kuliko nilivyoanza, na krimu ilikuwa na kivuli cha kijani kibichi. Shangazi alionja, akanyamaza, akanywa maji. Ladha ilikuwa kama ya kulamba sarafu.

Haiokoleki. Kuongeza sukari kunafanya ionekane tamu na bado ya chuma. Imwage, na safari ijayo sufuria ya alumini ibaki chini na maji yake, bakuli la kioo au stili likae juu. Chombo cha enameli kinafaa kama hakijabanduka. Angalia pia mwiko na chujio: chujio la zamani la bati lenye kutu linaweza kuharibu kila kitu dakika ya mwisho.

Uchungu unaobaki kooni

Mara nyingi ulikuna ganda la limau ukafika kwenye utando mweupe. Kwangua ile ngozi ya juu ya njano tu, ndiyo yenye mafuta ya harufu. Mbegu zilizosagwa kwenye blenda nazo huleta uchungu, za pasheni hasa. Blenda ikienda kwa nguvu, mbegu huvunjika. Bonyeza blenda mara mbili tatu fupi, au sugua nyama ya pasheni kwenye chujio kwa kijiko.

Chanzo cha nadra ni nta au dawa kwenye ganda. Osha limau kwa maji ya uvuguvugu na brashi kabla ya kukuna.

Mafuta yamejitenga juu

Siagi iliingia yote kwa pamoja, au krimu ilikuwa ya moto kupita kiasi. Iache ishuke mpaka iwe vuguvugu, kisha ipige kwa nguvu na kijiko kimoja cha maji ya moto. Mara nyingi hurudi. Isiporudi na ina chembe, hilo si tatizo la siagi. Rudi kwenye dalili ya kwanza.

Tamu tu, haina ukali

Machungwa ya Muheza, kule Tanga, ni mazuri sana kwa kunywa, lakini krimu ya chungwa tupu hupoa na ladha ya sukari na yai. Vivyo hivyo embe bivu na chenza. Weka theluthi moja ya juisi iwe limau au ndimu. Juisi ya chungwa unaweza kuichemsha kwanza ipungue hadi nusu, ikapoa, ndipo ukapima ml 120 zako. Kwa pasheni, zile za njano ni kali kuliko za zambarau, kwa hiyo onja juisi kabla ya kupima sukari.

Imeharibika ikiwa imehifadhiwa

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu makosa ya juu yanakuharibia keki, na haya yanaweza kumlaza mtu hospitali.

Dalili za wazi: ukungu juu, hata doa moja la ukubwa wa kichwa cha pini, vipovu vinavyopanda wakati haijatikiswa, kifuniko kilichovimba, sauti ya gesi unapofungua, harufu ya pombe au ya kuchacha. Yoyote kati ya hizo, tupa chupa yote. Usikwangue ukungu ukala kilichobaki chini, maana krimu ni laini na mizizi ya ukungu hupenya usipoona. Usionje ili kuhakikisha.

Majimaji kidogo yaliyokaa juu bila harufu wala povu ni jambo jingine. Krimu ilifunikwa ikiwa ya moto, mvuke ukadondoka. Safari ijayo ibandike nailoni ya chakula juu ya uso wake mpaka ipoe.

Sababu za kuharibika mapema, kwa kadiri ninavyoziona:

- Kijiko kilichotoka kwenye mkate au mdomoni kurudishwa kwenye chupa. Hiki ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote.
- Chupa kuoshwa tu bila kuchemshwa, au kuchemshwa kisha kukaushwa kwa kitambaa cha jikoni. Chemsha dakika 10, uzitoe zijikaushe zenyewe.
- Krimu kuachwa mezani. Isizidi saa 2 nje, na kwenye joto la pwani mchana hesabu saa 1.
- Umeme kukatika. Friji iliyofungwa bila kufunguliwa hushika ubaridi kwa saa 4 hivi. Ukipita hapo, krimu ya mayai usiihurumie.

Kwa friji ya uhakika ya nyuzi 4, mimi naipa wiki 2. Palipo na mgao wa umeme, wiki 1. Kwa muda mrefu, friza: huganda vizuri na hukaa hadi mwaka 1 bila kuharibika ladha. Jaza chombo ukiacha nafasi ya sentimeta 2 juu, andika tarehe, na kuyeyusha fanya ndani ya friji kwa siku nzima, si juani wala kwenye maji ya moto. Ikiyeyuka na kuonekana imelegea, ikoroge, hujirudi. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika kwa saa 48 umeme ukienda, iliyojaa nusu saa 24.

Sasa lile swali gumu: je, naweza kuichemshia chupani kama jamu na kuiweka kabatini? Kwa pasheni, embe, nanasi na chungwa jibu langu ni hapana. Mbegu za bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayopoozesha mwili, hazifi kwa maji yanayochemka. Kinachozizuia ni tindikali, pH (kipimo cha tindikali; namba ikiwa ndogo, ukali ni mwingi) iwe chini ya 4.6, na huwezi kuipima kwa ulimi. Kituo cha Taifa cha Uhifadhi wa Chakula Nyumbani, kilicho Chuo Kikuu cha Georgia huko Marekani, kina kipimo kilichofanyiwa majaribio, na kinaruhusu limau na ndimu tu, tena kwa juisi ya limau ya chupa ya dukani ambayo ukali wake haubadiliki. Hata hiyo, baada ya kuchemshwa chupani, inatakiwa itumike ndani ya miezi 3 hadi 4. Muda wa kuchemsha huongezeka unapopanda mlima: Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si sawa na Dar es Salaam au Mombasa. Kama huna kipimo hicho mbele yako neno kwa neno, tumia friza.

Hapa simama

Bakuli la kioo likitoa sauti ya kupasuka juu ya mvuke, zima moto, usilishike, na mwaga kila kilichomo. Usichuje ukitumaini kuondoa vipande. Mvuke ukikuunguza, tia mkono chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi. Malengelenge makubwa, au kuungua uso, yaende kituo cha afya.

Mtu akila krimu iliyotiliwa shaka akaanza kuharisha na kutapika, mpe maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini. Homa kali, damu kwenye choo, au hali hiyo kumpata mtoto mdogo, mjamzito au mzee, usisubiri. Wajawazito na watoto wadogo wasipewe kamwe krimu ambayo hukuwa na hakika kwamba ilifika nyuzi 71, kwa sababu hapo ndipo salmonela ya kwenye mayai hufa. Na kama aliyekula krimu ya kabatini anaona vitu viwili viwili, kope zinalegea, ulimi mzito, anashindwa kumeza, hata kama hana homa wala maumivu ya tumbo, mpeleke hospitali saa ile ile na uchukue chupa uende nayo.

Ukitaka kuuza, usianzie kwenye lebo nzuri. Tanzania, mambo ya usalama wa chakula yako chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu mwaka 2019, na ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, mikoani husaidia wasindikaji wadogo. Kenya uende KEBS, shirika la viwango la huko. Beba kipimo chako na chupa mbili, uwaambie wapime pH, na mpaka jibu litoke wauzie wateja krimu ya friji tu, iliyoandikwa tarehe ya kupikwa kwa kalamu isiyofutika.